Pikapu ya zamani inayowaka inapotaka: namna ya kusaka ugonjwa

Leo tuweke siasa pembeni kidogo tuongee chuma.

Kuna gari lililokufa na kuna gari linalowaka linapotaka. Lililokufa ni rahisi, fundi anapima, anaona, anabadilisha, mnaondoka. Hili la pili ndo balaa. Linagoma saa kumi alfajiri likiwa na mzigo, halafu ukilivuta hadi gereji linawaka mara moja kama mtoto aliyesikia neno sindano. Fundi naye hataki kuonekana hajui, anakwambia "badilisha betri". Wiki ijayo ni stata. Wiki nyingine alteneta. Pesa imeisha na ugonjwa uko palepale.

Nitaongelea gari ninalolijua, Toyota Hilux za umbo lile lililoanza kutoka 1988, yenye injini ya dizeli ya 3L, ile ya cc 2,779 isiyo na turbo. Ziko kila kona ya Bongo hadi leo. Baba mdogo anayo moja, anabebea nyanya kutoka Ilula kuja Dar. Ilifika mahali alikuwa haizimi injini njia nzima. Anakula Ruaha Mbuyuni gari linanguruma, anapumzika Mikumi linanguruma. Kuzima maana yake ni kutafuta watu wa kusukuma, na nyanya hazisubiri mtu. Ndani ya mwaka mmoja alinunua betri mbili mpya. Betri hazikuwa na kosa lolote.

Wenye pikapu za petroli nanyi someni, habari za umeme ni zilezile.

KITU CHA KWANZA NI DAFTARI

Ugonjwa wa kuja na kuondoka haushikwi kwa spana, unashikwa kwa kumbukumbu. Kila linapogoma andika: injini ilikuwa ya moto au ya baridi? Ilikaa muda gani bila kuwashwa? Mvua ilinyesha? Gari liliegeshwa mlimani? Na kubwa kuliko yote, ulisikia nini ulipogeuza funguo? Mtu akiniambia "haiwaki" hajaniambia kitu. Kuna kimya kabisa. Kuna "ta!" moja halafu basi. Kuna "tatatata" kama cherehani huku taa za dashibodi zikizimika. Na kuna injini inayozunguka vizuri kabisa ila haishiki moto. Hayo ni magonjwa manne tofauti, na hilo la mwisho halina uhusiano na stata kabisa, tutalifikia.

Usiku kuna kipimo cha bure. Simamisha gari mbele ya ukuta, washa taa kubwa, geuza funguo mwenzako akiangalia mwanga. Ukipungua kiasi na injini inazunguka, hiyo ni kawaida. Ukizimika kabisa, umeme haufiki: betri imechoka au vichwa vyake havijakaza. Ukibaki mkali kana kwamba hukugusa kitu huku stata imenyamaza au imepiga "ta!" moja, achana na betri. Betri inayowasha taa kubwa kwa nguvu hivyo siyo mgonjwa wako. Baba mdogo angefanya hiki kitu kabla ya ile betri ya pili, angebaki na hela yake.

STATA INAFANYAJE KAZI

Hapa naomba mtulie, ukielewa hapa umemaliza nusu ya kazi. Stata ina waya mbili za umeme. Ule mnene unatoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, una moto muda wote, hata gari likiwa limezimwa, na mara nyingi hauna fyuzi. Mwembamba unatoka kwenye swichi ya funguo. Ukigeuza funguo, mwembamba unapeleka moto kwenye koili ya sumaku ndani ya stata, sumaku inavuta chuma, na chuma kile kina kisahani cha shaba nyekundu mgongoni. Kisahani kinakwenda kugusa vipande viwili vya shaba vilivyo nyuma ya kile kifuniko cha duara chenye boliti 3. Vikigusana, umeme wa mamia ya ampea unapita na stata inazunguka.

Sasa kila vinapogusana kuna cheche, na kila cheche inakula shaba kidogo. Baada ya miaka, kipande kimoja kimeliwa kuliko mwenzake. Kisahani kinafika lakini kinagusa upande mmoja tu. "Ta!" Kimya. Unarudia mara tano, mara kumi, kisahani kinazunguka kidogo kwenye mhimili wake, kinapata sehemu nzima, injini inawaka. Unasema gari lina mashetani. Hakuna mashetani, ni shaba imeisha.

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa stata za Toyota za zama zile na ndio uliokuwa wa Hilux ya baba mdogo. Dawa siyo stata mpya. Vile vipande vinauzwa peke yake, ulizia Gerezani pale Kariakoo kwa wauza spea za umeme, nenda na cha zamani mkononi ulinganishe maana saizi hazifanani. Angalia na kisahani chenyewe, kama kimechimbika nacho kibadilishwe. Stata ikishafunguliwa, mwambie fundi atazame na kaboni. Kabla ya kugusa boliti yoyote, toa waya wa hasi kwenye betri.

Utajuaje kabla ya kufungua? Ukiwa na mita, weka kwenye volti, ncha moja kwenye boliti kubwa inayopokea waya wa betri, nyingine kwenye boliti kubwa ya pili inayoingia kwenye mota. Kabla ya funguo itasoma kama volti 12. Ukigeuza, isome karibu na sifuri. Ikipiga "ta!" na mita ikabaki 12, shaba hazigusani. Umeshamkamata mwizi.

KAMA HATA HIYO "TA!" HAKUNA

Basi fuata ule waya mwembamba. Chukua taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili (testa ya maskini, naipenda kuliko mita), waya mmoja kwenye bodi ya injini, mwingine kwenye terminali ya waya mwembamba. Mtu ageuze funguo. Taa isipowaka, tatizo liko huko juu: swichi ya funguo, fyuzi, au waya uliosagika. Gari la automatiki jaribu kwenye N badala ya P. Ikiwaka hafifu, umeme unapotea njiani, swichi imechakaa au waya umeoza. Mafundi wengi hapa wanafunga relei karibu na stata, swichi inaamsha relei tu na relei inachukua moto hapo jirani. Ni njia nzuri, ila iwe na fyuzi. Nimeona zilizofungwa bila fyuzi, waya umelala juu ya chuma cha moto. Hapo unatafuta kuchoma gari.

WAYA WA HASI

Huu unasahaulika sana. Umeme ukienda lazima urudi, na unarudi kupitia waya wa hasi uliofungwa kwenye injini na bodi. Kwenye gari la miaka thelathini, lenye tope la masika na vumbi jekundu, boliti ile ina kutu chini hata kama juu inang'aa. Kipimo: gari likigoma, chukua waya wa kuazimia moto, unganisha hasi ya betri na chuma kitupu cha injini. Likiwaka, umepata. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza. Vichwa vya betri hivyohivyo, na ule unga mweupe unamwagiwa maji ya moto yenye magadi.

Kwa wenye mita: betri nzima iliyopumzika inasoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, alteneta ilete kati ya 13.8 na 14.4. Ukipima kutoka hasi ya betri hadi bodi ya injini wakati stata inazunguka, isizidi 0.3 hivi.

Betri inayolala nzima na kuamka imekufa, kuna kitu kinakunywa usiku. Nawajua vijana, mmefunga redio yenye ampulifaya kwenye pikapu ya mzee. Toa waya wa hasi, weka mita ya ampea katikati, gari limezimwa na milango imefungwa. Ikizidi 0.05 chomoa fyuzi moja moja hadi ishuke. Usipige stata mita ikiwa hapo, itaungua.

HABARI YA BISIBISI

Najua wote mmeona konda anaingia chini na bisibisi anapiga shoti kwenye stata. Inafanya kazi, ndio. Lakini gari likiwa kwenye gia, stata inalisukuma mbele, na dizeli ikishashika haisimami, inampitia aliyelala chini. Kama hakuna njia nyingine: gia huru, handibreki, mawe kwenye matairi, na mtu kwenye usukani. Mguu usiwe mbele ya tairi. Na ukiazima moto kwa gari jingine, kibano cha mwisho cha hasi kiweke kwenye chuma cha injini mbali na betri, maana betri inatoa gesi na cheche moja inatosha kuipasua usoni mwako.

INAZUNGUKA ILA HAISHIKI

Hapo stata iacheni. Ikiwa ni asubuhi ya baridi, Mafinga au Njombe, na inatoa moshi mweupe, hita plagi zimekufa au relei yake haipeleki moto. Gusisha testa kwenye plagi funguo ikiwa imewashwa. Ukibadilisha plagi soma volti zilizoandikwa, haziko sawa zote, na ya volti pungufu inaungua siku hiyohiyo.

Sikiliza pia pampu ya dizeli. Ukiwasha funguo bila kupiga stata utasikia "tik" ndogo, ni valvu ya umeme inayofungulia mafuta. Usipoisikia cheza na waya wake, mara nyingi kiungio kimelegea tu.

Kama linagoma zaidi likiegeshwa pua juu mlimani, ni hewa. Dizeli inarudi tanki usiku. Pampu ile ya mkono juu ya chujio, ibonyeze hadi iwe ngumu, halafu piga stata. Likiwaka kirahisi, kuna mpira umepasuka au klipu imelegea kati ya tanki na pampu. Usitafute tone chini, upande ule unavuta, unaingiza hewa bila kuvuja. Badilisha mpira mzima kwa kipande kirefu cha plastiki angavu kwa siku mbili na utaona mapovu yanapita kwa macho yako.