Jicho Lililojazwa Gesi Halipandi Timboroa

Mkazi wa Kalokol aliyefanyiwa upasuaji wa retina jijini Nairobi, kisha jicho likajazwa gesi, hapaswi kupanda ndege ya Lodwar wiki hiyo, wala kukimbilia basi la Kitale. Ndani ya jicho lake mna kiputo kinachoikandamiza retina ukutani mpaka ishike. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Turkana hupanda kwanza hadi karibu mita 2,700 pale Timboroa, ndipo baadaye iteremke mpaka Lodwar, mita 500 hivi. Mtu akipanda mlima, kanieneo ya hewa hushuka na gesi iliyofungiwa jichoni hutanuka. Kwa mpando huo, kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Jicho halina nafasi ya ziada. Shinikizo likizidi, mshipa unaoilisha retina huweza kuziba, na mtu akapofuka njiani akitoka kutibiwa.

Gesi imewekwa humo kwa sababu ute wa jicho, ule unaokaa nyuma ya lenzi, ukishatolewa haurudi. Kwa mtu mzima ni mililita 4 hivi, maji matupu kwa asilimia 98 au zaidi, yakishikwa na nyuzi nyembamba za kolajeni na asidi ya hayaluroniki. Kitu cha maji namna hiyo mtu angedhani ni rahisi kukiiga. Madaktari wamehangaika nacho kwa zaidi ya karne moja.

Mjerumani Johannes Ohm alidunga hewa jichoni mwaka 1911, kabla haijakubalika kwamba retina hubanduka kwa sababu imechanika. Hilo lilithibitishwa na Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ambaye katika miaka ya 1920 alianza kuchoma mahali palipochanika ili paungane. Mwaka 1938 Bengt Rosengren wa Sweden aliunganisha mawazo hayo mawili: ziba tundu, kisha tia hewa. Lakini hewa hunywewa na mwili upesi, na mwaka 1973 Edward Norton wa Miami akaeleza matumizi ya salfa heksafloraidi, gesi nzito inayodumu kwa muda wa wiki mbili hivi. Huko huko Miami, mwaka 1970, Robert Machemer alikuwa ameshafanya upasuaji wa kwanza wa kuunyonya ute kupitia tundu dogo pembeni mwa jicho. Kifaa chake cha mwanzo alikijaribia kwenye ute wa yai.

Njia nyingine ni mafuta ya silikoni, ambayo Paul Cibis wa St. Louis, Marekani, aliyatumia mwaka 1962. Kwa msafiri wa Turkana mafuta yana heri yake, maana hayatanuki mlimani. Taabu ni kwamba kwa kawaida lazima yatolewe baada ya miezi kadhaa. Yakiachwa huweza kuleta mtoto wa jicho, kupandisha shinikizo, au kukatikakatika kuwa vitone vinavyotia ukungu. Kuyatoa ni upasuaji wa pili, na kutoka Kalokol hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 700.

Ndipo jeli inapokuja. Mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, walichuja asidi ya hayaluroniki kutoka kwenye macho ya ng'ombe. Miongo miwili baadaye Endre Balazs alianza kuitafutia kazi ya kujaza jicho, akiitoa hasa kwenye vishungi vyekundu vya majogoo. Kama mbadala wa ute ilishindwa. Ilikuwa ikiyeyuka na kuondoka mapema mno. Ikapata kazi nyingine: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wapasuaji wa mtoto wa jicho huitumia kukinga konea wanapobadilisha lenzi. Kwa hiyo jeli iliyofeli imewafaa wengi kuliko ingefaulu, na Turkana, ambako upofu wa kawaida ni wa mtoto wa jicho na trakoma kuliko wa retina, jambo hilo si dogo.

Jeli za polima zilizofuata ziliwasha jicho, zilivimba, au zilisagika zikipita kwenye sindano. Mwaka 2017 watafiti wa Japani walitangaza jeli inayoingia ikiwa kimiminika na kuganda ikiwa ndani, polima yake ikiwa kidogo sana kiasi cha kutovimba. Ilikaa kwenye macho ya sungura kwa siku 410. Mwaka 2019 watafiti wa Singapore waliijaribu nyingine kwa sungura na nyani: hukaa kimiminika ikiwa baridi, huganda kwa joto la mwili, kisha huyeyuka polepole na nyuma yake hujijenga kitu kinachofanana na ute wa asili.

Maabara hizo zilipima mwangaza, shinikizo na uvimbe, na ndivyo inavyopaswa. Ila jicho la sungura lina ute usiofika nusu ya wetu, na hakuna sungura aliyelazimika kupita Timboroa. Mlima, kwa kweli, jeli ingeuvuka bila tatizo, kwani haina gesi ya kutanuka. Kazi ingehamia kwenye ghala. Lodwar mchana joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, karibu sawa na la mwili, na dawa inayoganda kwa joto la mwili ingehitaji jokofu lisilokatikiwa na umeme hadi siku ya kudungwa.