Jamaa kubwa ndani ya parseli moja: faida inatoka wapi, na nani anailipa

Katika miji ya Goma na Bukavu, neno jamaa halina maana ya baba, mama na watoto tu. Ndani ya parseli moja unakuta koko, vijana wake waliooa, wajukuu, mutoto wa shangazi aliyekuja kusoma universite, na mara nyingine mujane wa kaka. Nyumba kubwa iko mbele, aneksi zinajengwa nyuma kadiri watu wanavyoongezeka. Mugeni anaona msongamano. Wenyeji wengi wanaona asiransi yao ya kwanza, na mara nyingi ndiyo moja tu waliyo nayo.

Pensheni ya CNSS, kasa iliyochukua nafasi ya INSS, inamfikia yule ambaye patro wake alimuandikisha na kumulipia. Mama muuza sambaza, mutu wa moto, mulimaji wa Masisi: hao wengi hawamo. Wakizeeka, ni watoto ndio watawalisha. Katiba ya 2006, katika kipengele cha 40, inaita familia musingi wa jamii, na Code de la famille inawadai watoto wasaidie wazazi walio katika uhitaji.

Faida ya kila siku inaonekana jikoni. Maharagi yanakaa motoni masaa mengi, lakini sufuria ya watu 12 haimalizi makala mara tatu kuliko ile ya watu 4. Kisha kuna suala la watoto. Mama anayevuka Petite Barrière asubuhi kwenda kuuza Gisenyi anamuachia koko mutoto mudogo. Koko asipokuwepo, atatafuta feza ya kulipa yaya, ao atamubakiza nyumbani binti yake mukubwa, na huyo binti atakosa masomo. Koko huyo huyo ndiye anayeongea Mashi, Kihunde ao Kinande na wajukuu ambao katika avenyu wanasikia Kiswahili peke yake.

Lakini ni siku ya hatari ndipo jamaa kubwa inajulikana. Tarehe 22 Mei 2021, volkano Nyiragongo ililipuka. Siku tano nyuma yake, viongozi wakaamuru wakaaji wa kata 10 za Goma waondoke. Mamia ya maelfu ya watu wakashika njia ya Sake, Minova, Rutshuru na Bukavu, wengine wakavuka Rwanda. Kuna waliolala katika makanisa na masomo, lakini wengi walipokelewa ndani ya nyumba za watu, kwa ndugu na hata kwa watu wasiowajua. Vilevile kwa wale wanaokimbia vita: wengi wao mashariki mwa Kongo hawaishi kambini, wanaishi katika zile zinazoitwa familles d'accueil. Sahani iliyotosha watu 8 inagawanywa kwa 15.

Mzigo huo hauangukii wote sawasawa. Mara nyingi bibi wa kijana wa nyumba ndiye anaamka wa kwanza kuchota maji, na analala wa mwisho. Mwenye mushahara naye anaombwa minervali na kila mutu. Masomo ya musingi ya serkali ni ya bure tangu 2019, lakini sekondari bado inalipwa.

Shida kubwa inaingia wakati mwenye parseli anakufa na karatasi zote ziko kwa jina lake. Code de la famille inasema watoto wanapata robo tatu za urizi, pamoja na wale waliozaliwa inje ya ndoa kama baba aliwatambua kisheria. Mujane anabaki na haki ya kutumia nyumba waliyoishi na bwana yake, hata kama nyumba si mali yake. Bashemeji wanaomufukuza siku chache nyuma ya matanga hawana sheria upande wao, hata wakisema ni desturi.

Kwa hiyo wazee wengine wanaita baraza la familia wakiwa bado wazima, wanaonyesha nani yuko na aneksi gani. Testamenti inaweza kufanywa mbele ya notere ao mbele ya ofisa wa état civil. Inaweza pia kuandikwa na mwenyewe: yote kwa mkono wake, pamoja na tarehe na sinyatire.