Jumapili Sita za Harlem na Kaseti ya Mjomba

Mjomba wangu ana hadithi moja ambayo familia nzima tuliacha kuiamini zamani. Ati mwaka wa 1973, yeye na vijana wenzake wanne wa Majengo, Mombasa, walikuwa na bendi ya soul. Si taarab, si rumba. Soul, ya Kiingereza, na nywele za afro na suruali za bugaluu juu. Ati walipiga kwa hoteli moja ya pwani kila Jumamosi kwa miezi saba, na watalii wakaacha chakula wakasimama kucheza. Picha? Hakuna. Rekodi? Kulikuwa na kaseti moja, ikapotea. Kila Idi akianza kusimulia, binamu zangu humalizia sentensi kwa niaba yake, wote kwa pamoja: “Na watalii wakasimama!” Halafu kicheko.

Mwaka jana alikuja Nairobi kufanyiwa operesheni ya macho, akakaa kwetu South B wiki mbili. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, lingine linasubiri zamu yake. Jioni moja nikachomeka laptopu kwa TV nikaweka Summer of Soul, ile filamu ya Questlove iliyotoka 2021. Nilitaka tu apate kitu cha kupitisha muda. Mama, ambaye ni dada yake mdogo, alikuwa amekaa kando akichambua mchele. Sikujua naleta kesi nyumbani.

Kama hujaiona, filamu inaanza hivi. Mwanamume wa makamo anakaa mbele ya kamera, anaulizwa kama anakumbuka tamasha la Harlem. Jina lake Musa Jackson. Alipelekwa pale akiwa mtoto mdogo, na kwa karibu miaka hamsini amebeba picha kichwani ambazo hakuna mtu wa kumthibitishia. Sasa anawekewa mkanda wenyewe. Unaona uso wake ukipata mwanga wa skrini. Kisha Stevie Wonder, miaka 19 tu, anaingia jukwaani na kukaa kwenye ngoma. Si piano. Ngoma. Anazipiga kama mtu anayedaiwa.

Mjomba alisogeza kiti mbele.

Tuweke historia sawa kidogo. Kati ya tarehe 29 Juni na 24 Agosti 1969, kwa Jumapili sita, watu wapatao 300,000 kwa jumla walimiminika katika bustani ya Mount Morris Park, Harlem, New York. Leo inaitwa Marcus Garvey Park. Kiingilio hakuna. Aliyeandaa ni Tony Lawrence, mwimbaji wa klabu ambaye kipaji chake kikubwa, ukiniuliza mimi, kilikuwa kushawishi watu. Alimpata meya wa jiji, John Lindsay, akapata pesa za kampuni ya kahawa ya Maxwell House, akawapata wasanii. Na wasanii gani! Nina Simone, B.B. King, Gladys Knight na Pips wake, Sly and the Family Stone, Staple Singers, Mahalia Jackson, 5th Dimension. Hata Hugh Masekela alikuwepo na tarumbeta yake, mkimbizi wa ubaguzi wa Afrika Kusini, ambaye mwaka mmoja kabla wimbo wake ulikuwa umefika namba moja Marekani.

Usidhani ilikuwa raha tupu. Aprili 1968 Martin Luther King alikuwa ameuawa Memphis, na Harlem ikawaka. Meya aliyependa soul pia alipenda mji usichomeke tena. Kwenye filamu tunaelezwa kwamba wakati mwingine ulinzi ulifanywa na Black Panthers, kwa sababu polisi walisitasita. Na tarehe 20 Julai, siku ambayo Marekani ilitua mwezini, mwandishi wa TV alipita katikati ya umati akiuliza watu wanaonaje. Majibu yao, kwa ufupi: hizo pesa zingelisha watu wa hapa. Mama aliinua kichwa kutoka kwa mchele akasema, “Hao ni watu wetu kabisa.”

Aliyerekodi haya yote ni Hal Tulchin, mtayarishaji wa vipindi vya TV. Pesa za taa hakuwa nazo, kwa hivyo jukwaa likajengwa likielekea magharibi, jua la alasiri liwe ndio taa. Ndiyo maana rangi za filamu ile zinakupiga hivyo: yale manjano na machungwa ya mashati si ufundi wa kompyuta, ni jua la bure. Tulchin alirekodi takriban saa 40. Kisha akatafuta mnunuzi. Agosti hiyo hiyo, mwendo wa saa chache kutoka Harlem, kulikuwa na tamasha lingine shambani, Woodstock. Lile lilitengenezewa filamu 1970, likashinda Oscar, na mpaka leo ukisema “1969” watu wanakuonyesha mahipi kwenye matope. Tulchin alijaribu kuziuza kanda zake kama Woodstock ya watu weusi. Hakufaulu. Zikakaa chini ya nyumba yake karibu nusu karne. Alifariki 2017, filamu bado haijatengenezwa.

Hapa nitoe tahadhari, kwa sababu hadithi hii imetiwa chumvi mitandaoni. Si kweli kwamba hakuna aliyewahi kuona chochote. Mwaka huo huo wa 1969, CBS na ABC zilirusha vipindi vya saa moja moja kutoka kwa tamasha. Questlove mwenyewe amesimulia kwamba aliona kipande cha Sly kwenye mgahawa mmoja Tokyo mwaka wa 1997, bila kujua anaangalia nini. Kwa hivyo tamasha halikufichwa kabatini na kufungiwa kufuli. Liliachwa tu. Mimi naona kuachwa kunauma zaidi, maana anayeficha kitu angalau anajua kina thamani.

Filamu ilipotoka ilishinda Sundance, ikaingia kwa sinema na mtandaoni Julai 2021, na Februari 2022 ikaonyeshwa kwenye ABC, mojawapo ya zile stesheni mbili. Mwezi uliofuata ikachukua Oscar, na kama uliona tuzo zile basi ulikosa kuisikia, kwa sababu Chris Rock alikuwa ndio anajiandaa kuitangaza Will Smith alipopanda kumzaba kofi. Wueh. Miaka hamsini ya kusubiri, halafu dakika yako ikifika dunia nzima inaangalia shavu la mtu mwingine.

Lakini mashabiki walikuwa wameshaongea. Nimesikiliza sana watu wakiizungumzia filamu hii, na naona hisia zao ziko kwa makundi matatu. Kuna waliofurahi tu, wakacheza sebuleni. Kuna waliolalamika kwamba Questlove anakatiza nyimbo: Nina Simone anaanza kupanda, mara mtu anaingia kuelezea. Hao nawaelewa. Mavis Staples anapopewa maikrofoni na Mahalia Jackson, na wote wawili wanauimba wimbo wa injili aliokuwa akiupenda King, mtu yeyote anayeongea ni mkosaji. Na kuna kundi la tatu, kubwa kuliko yote: waliokasirika. Swali lao lilikuwa moja. Kwa nini hatukuambiwa?

Hasira hiyo ndiyo niliyoidharau mwanzoni. Niliona, aa, si mmeambiwa sasa? Lakini angalia wasanii wenyewe. Marilyn McCoo wa 5th Dimension anawekewa mkanda wake wa ujana na machozi yanamtoka. Anaeleza jinsi walivyokuwa wakisemwa kwamba sauti yao si nyeusi vya kutosha, na jinsi ilivyokuwa na maana kwao kusimama mbele ya Harlem na kupokelewa. Huyu ni mtu aliyeuza mamilioni ya rekodi. Hakuhitaji ushahidi kwamba ni mwimbaji. Alihitaji kuona ile siku, wale watu, vile walivyomtazama.

Na sisi huku? Soul haikuishia Harlem. Ilivuka bahari kwa sahani za santuri na redio. Miezi mitatu tu baada ya Jumapili ya mwisho ya Harlem, Novemba 1969, wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul mjini humo. Mwaka huo ulikuwa umeanza na Operesheni Vijana, ya kupambana na sketi fupi, wigi na suruali za kubana, na soul ikahesabiwa uchafu uleule wa kigeni. Vijana wakajibu magazetini: huu ni muziki wa ndugu zetu weusi wanaoonewa Marekani, ugeni wake uko wapi? Upande wetu wa mpaka hapakuwa na marufuku kama hiyo. Slim Ali na Hodi Boys, kijana wa Mombasa na bendi yake, waliimba soul ya Kiingereza wakajulikana, na rekodi zao bado zinatafutwa na wakusanyaji. Lakini nyuma ya kila bendi iliyoingia studio kulikuwa na kadhaa ambazo hazikuingia. Kama ya mjomba.

Turudi South B. Filamu ilipofika mwisho, Musa Jackson anaonekana tena. Ameshatazama. Analia na kucheka pamoja, anashukuru, kwa sababu sasa anajua kwamba hakuwa mwendawazimu: kumbe alichokuwa anakumbuka kilikuwepo. Nikageuka kumtazama mjomba. Alikuwa anapangusa jicho lake moja lililo wazi kwa ncha ya kikoi. Nikamwambia, “Mjomba, daktari alisema usiliguse.”

“Hili si lile la daktari,” akasema.

Kisha, bila kunitazama: “Mjomba, wajua ile kaseti yetu ilirekodiwa na Mjerumani. Mgeni wa hoteli. Alikuwa na kimashine kidogo, akakiweka kwenye meza. Siku ya kuondoka akatupa nakala. Pande zote mbili zimejaa. Mwisho kabisa wasikia watu wapiga makofi, na mtu mmoja apiga mluzi.”

Hiyo sehemu ya mluzi hatukuwahi kuisikia. Miaka yote ya Idi, tulikuwa tunamkata kabla hajafika kwa mluzi.

Mama aliacha mchele. Akasema polepole, “Ilikuwa kwa mfuko wa buluu. Pamoja na redio mbovu na magazeti. Nyanya yenu alipofariki, 1991, tulipewa siku tatu kuhama ile nyumba. Mimi ndiye niliyetupa.”

Nilingoja kelele. Miaka zaidi ya thelathini tulikuwa tumeambiwa kwamba kaseti “ilipotea”. Kitenzi kile kilikuwa kimemficha Mama vizuri sana.

Mjomba akasema, “Najua. Nilikuona ukiutoa nje.”

“Mbona hukusema?”

“Ulikuwa walia. Mama amekufa juzi. Ningekusimamisha kwa sababu ya kaseti?”

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kwa TV majina yalikuwa yanapita. Nilimfikiria Tulchin, akishuka ngazi za nyumba yake miaka nenda miaka rudi, akipita kando ya saa 40 za Nina na Stevie. Sisi tunapenda kulaumu stesheni, serikali, wazungu wenye pesa, na mara nyingi wana makosa kweli. Matangazo mangapi ya redio zetu wenyewe yalirekodiwa juu ya mengine kwa sababu kanda ni ghali? Lakini historia yetu nyingine ilitoka nje kwa mfuko wa buluu, mikononi mwa mtu anayelia, aliyepewa siku tatu. Nyingine tuliiua kwa kicheko. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaosema “na watalii wakasimama”.

Nilitoa simu nikaiweka mezani, kama yule Mjerumani. Nikamwomba mjomba aanze mwanzo, asiruke kitu. Akanitajia walivyopata gitaa la besi, aliyekopesha ngoma, jinsi mwalimu wa madrasa alivyomkuta na zile nywele. Akafika kwa orodha ya nyimbo walizofungulia kila Jumamosi.

“Si hivyo,” Mama akamkata. “Mlianza na ile ya polepole. Halafu ndio ile ya kurukaruka.”

“Wewe wajuaje? Ulikuwa na miaka kumi na mbili.”

“Nilikuwa nje kwa ukuta wa jikoni ya hoteli na kina dada wa mapokezi. Kila Jumamosi. Na ule mluzi wako,” akasema, akirudia kuchukua ungo wake, “ni mimi.”

Rekodi ni saa moja na dakika arobaini. Karibu nusu yake wanabishana ni wimbo gani ulitangulia. Nimeiweka nakala kwa simu, kwa laptopu, na nyingine nimempa binamu yangu wa Mombasa, yule aliyekuwa akicheka kwa sauti kubwa zaidi. Ameniahidi kwamba Idi ijayo ataicheza yote, bila kukata.