Daftari la ordinatere: kutoka merikebu hadi sekretariati za Butembo

Umeme unapokatika ghafla Butembo ao Beni, ordinatere inazimika bila kuaga. Ikiwashwa tena na kukataa kufunguka, wengi wanasema ni virusi, wengine wanamlaumu aliyeitumia mwisho. Fundi mwenye kujua kazi hamlaumu mtu. Anasoma kwanza daftari ambalo ordinatere inaandika yenyewe, mstari kwa mstari, kila jambo na saa yake.

Daftari hilo lilianzia baharini. Karne ya 16, mabaharia wa Ulaya walipima mwendo wa merikebu kwa kutupa majini kipande cha gogo kilichofungwa kamba yenye mafundo, kisha wakahesabu mafundo yaliyopita. Hesabu iliandikwa kitabuni pamoja na upepo, njia na ajali. Waingereza wakakiita kitabu hicho kwa jina la lile gogo, na jina likahamia kwenye kompyuta. Kwa Kifaransa kinachotumiwa kwetu ni « journal ».

Miaka ya mwanzo ya kompyuta, kila programu iliandika shida zake ilipotaka na jinsi ilivyotaka. Eric Allman, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akitengeneza Sendmail, programu ya kusafirisha barua za elektroniki. Ili kujua barua imekwama wapi, alitengeneza syslog, ambayo ilitoka katika mfumo wa 4.2BSD mwaka 1983. Wazo lake lilikuwa jepesi: programu zipeleke ujumbe kwa mwandishi mmoja, na mwenye mashine aamue ni upi uandikwe, na uandikwe wapi.

Kila ujumbe ulipewa ngazi. Leo ziko 8, kuanzia 0 hadi 7. Ngazi ya 0 inasema mfumo umeanguka. Ya 3 ni kosa. Ya 4 ni onyo. Ya 6 ni habari ya kawaida. Ya 7 ni maelezo madogo madogo ya kumsaidia fundi. Wakaaji wa Beni na Butembo wanaelewa maana ya ngazi hizo. Tangu Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, neno « alerte » lilisikika kila siku. Kila alerte ilichunguzwa, na waliokutana na mgonjwa waliandikwa na kufuatwa siku 21. Homa yoyote ikihesabiwa kuwa Ebola, timu zinachoka. Homa zote zikipuuzwa, ugonjwa unapita. Mashine nayo iko hivyo. Fundi anaipandisha hadi ngazi ya 7 wakati wa kutafuta kosa, kisha anairudisha chini, kwa sababu maelezo mengi yanajaza diski na kuficha lile la maana. Kwenye Linux, kuondoa neno « quiet » katika mstari wa kuwashia kunatosha kuonyesha ujumbe unaofichwa mashine inapoamka.

Saa pia ina historia yake. Mistari ya zamani ya syslog haikuandika mwaka wala majira ya mahali. Butembo ikiwa saa nne asubuhi, Kinshasa ni saa tatu; ukilinganisha madaftari ya mashine za miji hiyo miwili bila kujua hilo, utadhani tokeo lilitangulia chanzo. Kanuni mpya ya Machi 2009 iliweka tarehe kamili, pamoja na mwaka na tofauti ya saa.

Ordinatere nyingi za sekretariati zinatumia Windows. Daftari la matukio lilikuwamo tangu Windows NT ya mwaka 1993. Kwenye Windows ya Kifaransa linafunguliwa kwa « Observateur d'événements ». Ukikuta Kernel-Power namba 41, mashine ilizimika bila kufungwa vizuri: huenda ni umeme, huenda ni joto, huenda ilikwama. Namba hiyo inasema kilichotokea, haisemi sababu. Fundi lazima asome mistari iliyotangulia.

Tatizo kubwa ni mahali pa kuhifadhi. Mifumo mingi ya Linux yenye systemd inaandika kwenye diski ikiwa tu folda /var/log/journal ipo. Isipokuwepo, daftari linakaa katika kumbukumbu ya muda, na mashine ikizimika linapotea pamoja na ushuhuda wa kosa. Kutengeneza folda hiyo, ao kuandika Storage=persistent katika faili journald.conf, kunaokoa ushuhuda.

Na hata diski inaweza kuibiwa ao kuungua. Syslog iliwezesha tangu zamani kutuma mistari kwenye mashine nyingine, mbali na ile yenye shida. Jamaa zilizokimbia vijiji vya Beni na Lubero hazihitaji kufundishwa jambo hilo. Atestasyo ya kuzaliwa iliyobaki nyumbani ilienda na nyumba. Nakala iliyokuwa kwa ndugu mjini ndiyo iliyomrudisha mtoto darasani. Ofisi, shule ao kituo cha afya chenye ordinatere moja tu kinaweza kuanza leo: kurekebisha saa, kuchagua ngazi, na kuweka nakala ya daftari mahali pengine, kabla ya umeme kukatika ama watu kulazimika kuondoka.