Mti Uliopandwa Mlangoni: Habari ya Miti ya Nyumbani Pemba

Leo tupo Jadida, pale Wete, lakini hatuendi shamba. Tunabaki uani, kwa sababu habari yetu ni ya miti inayoizunguka nyumba: imetoka wapi, kwa nini imepandwa pale ilipo, na wewe uliyeshika mche mkononi masika haya uuweke wapi.

Nilifika kwa mzee mmoja wa pale nikamkuta ameshachimba shimo, hatua nne kutoka ukutani, na mche wa mwembe umesimama kando ndani ya kopo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia: "Bwana shamba, babu yangu alipanda mwembe mlangoni, na mimi nataka kivuli kama chake." Nikamwomba tukae kitako kwanza kabla hajautia mche ardhini. Hayo tuliyozungumza ndiyo ninayokuletea.

Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki Al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani. Kabla ya karafuu Pemba ilikuwa ghala la chakula. Mpunga wa hapa ulilisha Mombasa zama za Mazrui, mpaka watu wa Seyyid Said walipowatoa kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1820. Nyumba ya wakati ule ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa makuti. Tawi likianguka juu yake, jirani wanakuja, makuti yanashonwa, kabla ya magharibi mmeshaezeka. Babu wa mzee wangu alirithi desturi hiyo ya kupanda mti mlangoni, na kwa nyumba ya namna ile hakukosea.

Kisha ikaja karafuu. Ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na Seyyid Said ndiye aliyesukuma watu waipande kwa wingi. Mashimo, mapalilio na machumo yalifanywa na watumwa, na jambo hili tusilipite kimya tunapoisifu mikarafuu mikongwe. Utumwa haukufutwa kisheria visiwani mpaka mwaka 1897. Mwanzoni Unguja ndiyo iliyokuwa mbele. Pemba ilikuwa nyuma.

Jambo lililogeuza hali hiyo lilikuwa upepo. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Seyyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja. Majahazi yalivunjika bandarini, merikebu za Sultani zikaangamia, na mashambani sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ikalala chini. Pemba, umbali wa kilomita 50 hivi kaskazini, iliponea kando. Bei ya karafuu ikapanda, na mkarafuu mpya hukaa miaka 6 mpaka 8 ndipo uzae. Basi mwenye ardhi Pemba akapanda, na jirani yake akapanda, mabonde kwa vilima, mpaka kwenye kizingiti cha nyumba. Mwanzoni mwa karne ya 20 Pemba ndiyo iliyokuwa ikitoa karafuu nyingi zaidi, na mpaka leo ni hivyo.

Mimi naona kuponea kule kulitufundisha vibaya kidogo. Mtu wa Unguja aliuona mti ukimwangukia. Sisi tuliona bei ikipanda. Tukakua tukiamini kwamba kimbunga ni mambo ya wenzetu. Lakini tarehe ileile, 15 Aprili, katika mwaka 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia Mafia. Tazama miezi hiyo: Aprili na Mei, kaskazi imekwisha, kusi inaingia, ardhi imelowa masika na mizizi imelegea. Mti hauhitaji kimbunga kamili kung'oka katika ardhi kama hiyo. Tufani ya usiku mmoja inatosha.

Nyumba nayo imebadilika. Leo ukuta ni wa matofali ya saruji, paa ni bati, chini ya mlizamu umeweka pipa la maji ya mvua. Tawi likianguka hapo hushoni kitu, unanunua. Majani ya mkungu yakijaa kwenye mlizamu, maji yanafurika ukutani na yanayofika kwenye pipa yananuka. Na uwanja wenyewe umepungua, kwa sababu Wete imekua na watoto wamejenga ubavuni mwa wazee wao.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, ukitaka kupanda mti mkubwa usiutazame mche. Utazame mti uliokomaa. Kadiria urefu wake, kisha ulaze urefu huo chini kwa macho yako kuelekea nyumbani. Ukifika paani, sogea. Mwembe wa mbegu hupita mita 20. Kwenye kiwanja kidogo tafuta mche uliobebeshwa, ambao hubaki mfupi na kuzaa mapema. Huo hatua 10 zinautosha. Usinijibu kwamba kimbunga hutoka upande mmoja na wewe utapanda upande wa pili, kwa sababu upepo wa kimbunga hugeuka.

Mnazi uweke mbali na njia ya watoto na mbali na bati. Mdoriani vilevile, na sababu yake anaijua kila aliyewahi kusikia doriani likianguka usiku. Mzambarau una kivuli kizuri, lakini matawi yake hukatika upesi na zambarau hutia doa kila kitu kilichoanikwa chini yake. Msufi, tafadhali, uache porini.

Kuhusu mshelisheli nakiri kosa langu mwenyewe. Nilipoanza kazi nilimwelekeza mama mmoja aupande karibu na kisima, nikitazama chakula tu. Mizizi ya mshelisheli hutambaa juu juu, na kila ikijeruhiwa huchipua. Walipopalilia kando ya kisima kwa jembe, machipukizi yakaota uani kote, na mizizi ikaingia kwenye nyufa za kisima. Mti ule unalisha nyumba nzima, hilo kweli, lakini mahali pake ni mwisho wa kiwanja. Karibu na nyumba panda mpera, mdimu, mkomamanga au mstafeli. Hata ukianguka, utaunyanyua wewe na mwanao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hulisahau mpaka mavuno yafike, nalo ni mahali pa kuanikia. Karafuu mbichi ikishachambuliwa makonyo inataka jua siku 4 au 5 mfululizo. Ikikosa jua huchacha, hupauka, na bei inashuka mbele ya macho yako. Kivuli cha asubuhi huangukia magharibi ya mti, cha alasiri huangukia mashariki, tena kirefu. Basi mti mrefu ulio mashariki au magharibi ya majamvi yako unakula saa za jua kila siku. Wakati huohuo ukuta wa nyumba unaochomwa na jua la alasiri ni wa magharibi, na hapo ndipo kivuli kinapokufaa. Kwa hiyo weka majamvi upande mmoja wa nyumba na mti upande mwingine. Vitu viwili hivi havikai pamoja.

Mzee wangu alinisikiliza, kisha akauliza la kwake: "Na ule wa babu?" Tukauzunguka. Shina lilikuwa zima, halina mchwa wala uyoga chini. Tawi moja tu lilikuwa limeinamia bati, na hilo tulikubaliana lipunguzwe kabla ya masika kukolea, kwa kamba na kwa mtu anayejua kazi, si kwa panga la haraka. Mti wenyewe ubaki. Kama wako umeoza ndani na unataka kuukata, na zaidi ukiwa ni mkarafuu, pita kwanza kwa sheha na ofisi ya kilimo.

Lile shimo la hatua nne hakulifukia. Alilitia samadi akapanda mdimu. Mwembe aliubeba mwenyewe mpaka pembeni mwa kiwanja, upande wa magharibi, akahesabu hatua kwa sauti, na alipofika 10 akaongeza mbili.