Uwanja wa Suneka: tuupime kwa mizani gani?

Sisi wa Pwani viwanja vya ndege tumevizoea: Mombasa, Malindi, Ukunda, Manda kule Lamu. Nilipokwenda Kisii ndipo nilipoanza kujiuliza kiwanja ni cha nini hasa. Wao wanao mmoja mdogo, Suneka, kwenye barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, na jirani zao wa Nyamira wanautazamia huohuo. Niliozungumza nao, wengine wanataka upanuliwe. Wengine wanasema pesa hizo bora zitengeneze barabara za mashamba ya chai. Hoja nilipewa nyingi, kipimo sikupewa.

Na vipimo vipo. Kilicho rahisi ni kuhesabu kazi: abiria mmoja huchukuliwa kuwa sawa na kilo 100 za shehena. Gawanya gharama za uwanja kwa jumla hiyo, utajua kila abiria anagharimu kiasi gani. Lakini kipimo hiki hudhulumu viwanja vidogo. Zimamoto na walinzi lazima wawepo, zitue ndege kumi au itue moja.

Ndiyo maana wachumi wengi hutumia njia waliyoitoa Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978. Huangaliwa kinachoingia (wafanyakazi, urefu wa njia ya kurukia, gharama) na kinachotoka (abiria, safari, shehena), kisha uwanja hulinganishwa na wenziwe wanaofanya vyema kwa mali kama yake. Wa mbele hupata 1, wengine hupungukiwa. Kwa hivyo Suneka haiwekwi mizani moja na Jomo Kenyatta. Inawekwa na Kabunde ya Homa Bay na Lichota ya Migori. Hapo ndipo penye shida, maana vyote vitatu vinagombania abiria walewale, na Kisumu nayo inawavuta, ingawa kutoka Kisii ni zaidi ya kilomita 100 kwa gari.

Shehena isitudanganye. Vile vinyago vya mawe ya Tabaka tunavyoviona madukani Mombasa huja kwa lori, na vitaendelea kuja kwa lori. Jiwe ni jiwe. Chai ya Nyamira huteremshwa huku kwetu, ikanadiwa, ikapakiwa melini. Anayeahidi kuwa ndege itabeba mazao hayo, aulizwe bei ya kilo moja.

Ubora wa huduma una mizani yake. Tangu 2006 Baraza la Kimataifa la Viwanja vya Ndege lina mpango wa kuwauliza abiria wakiwa bado uwanjani: foleni, vyoo, viti, upole wa wahudumu, kila kitu kwa alama 1 hadi 5. Uwanja mdogo hauna tabu kupata alama nzuri za foleni, kwani foleni itoke wapi pasipo watu? Kasoro ni kwamba anayeulizwa ni yule aliyekwisha kukata tiketi. Mama wa Nyamira anayepanda matatu alfajiri kwenda Nairobi haulizwi na mtu.

Mimi ningeanzia kwake. Kabla ya kuongeza hata mita moja ya lami Suneka, karani asimame kwenye stendi ya matatu mjini Kisii kwa wiki nzima, awaulize wasafiri: nauli ya ndege ikiwa kiasi gani ungeshuka humu ukapande hiyo?