Walio Nyuma ya Kamera: Siku za Kawaida katika Jangwa la Australia

Mwaka 1898, A. C. Haddon wa Chuo Kikuu cha Cambridge alifika kisiwa cha Mer, katika Mlango wa Torres, akiwa na kamera ya filamu. Alitaka kuwanasa wanaume wa kisiwa katika ngoma ya Malo-Bomai. Vinyago halisi vya ngoma hiyo havikuwapo tena, kwani wamisionari walikuwa wamekwisha kuikomesha. Basi wenyeji wakavitengeneza upya kwa kadibodi. Picha hizo ni miongoni mwa filamu za kale kabisa zilizopigwa na mtafiti nje ya maktaba yake, nazo tayari zinaonyesha jambo lililofanywa kwa ajili ya kamera. Nalitanguliza hili kwa sababu katika masomo ya filamu tumezoea kuuliza kama picha ni ya kweli au ni ya kuigiza. Historia ya Australia inatusukuma kwenye swali lenye uzito zaidi: aliyeshika kamera anawajibika kwa nani?

Filamu iliyowafundisha Waaustralia wengi wa mijini kuliona jangwa lao ni The Back of Beyond, ya John Heyer, iliyotoka mwaka 1954. Inamfuata Tom Kruse, tarishi aliyepeleka barua na mizigo kwa lori kila baada ya wiki mbili kutoka Marree hadi Birdsville, safari ya zaidi ya kilomita 500, akitandika mabati juu ya vilima vya mchanga ili magurudumu yasizame. Kruse alikuwa mtu halisi, na lori lake lilikuwa halisi. Mazungumzo, hata hivyo, yaliandikwa kabla, na mshairi Douglas Stewart alikuwa mmoja wa waandishi wake. Kisa cha wasichana wawili wanaopotea jangwani kiliigizwa, nacho ndicho kinachobaki akilini mwa mtazamaji kuliko vingine vyote. Filamu ilipata tuzo kuu huko Venice mwaka huohuo, na kwa maoni yangu ilistahili. Sioni kosa katika uigizaji huo. Ndivyo wenye fani hiyo walivyofanya kazi zama hizo. Lakini gharama zililipwa na Shell, na kampuni ya mafuta haina sababu ya kuliuliza jangwa ni la nani. Wenyeji wa asili wamo katika filamu, tena si kwa dharau, ila wanapita kama sehemu ya mandhari ambayo lori linaivuka.

Miaka 30 baadaye swali hilo lilipata jibu mahali pasipotarajiwa. Yuendumu ni makazi ya Wawarlpiri, yapata kilomita 300 kaskazini-magharibi ya Alice Springs. Serikali ilikuwa inajiandaa kurusha setilaiti ya AUSSAT, ambayo ingefikisha televisheni ya mijini katika kila pembe ya bara lile, na wazee waliona hatari: watoto wao wangelelewa na sauti zisizojua lugha yao. Mwaka 1985 Wawarlpiri walianza kurusha matangazo yao wenyewe, bila leseni, kwa mtambo mdogo uliounganishwa kwa gharama hafifu. Mwendeshaji wake mkuu alikuwa Francis Jupurrurla Kelly. Mwanaanthropolojia Mmarekani Eric Michaels, aliyetumwa kuchunguza jinsi televisheni ingewaathiri wenyeji, akajikuta anaandika jinsi wenyeji walivyoiathiri televisheni.

Kazi moja ya Jupurrurla yastahili kutazamwa kwa utulivu. Inahusu mauaji ya Coniston ya mwaka 1928, ambapo kundi lililoongozwa na konstebo George Murray liliwapiga risasi wenyeji kulipiza kifo cha mzungu mmoja mwindaji. Tume ya serikali ilihesabu maiti 31 na kuwaona wauaji hawana hatia. Wazee wanataja wengi zaidi. Mzee anasimulia, huku kamera ikipita polepole juu ya vilima na miti, ikisita hapa, ikiongeza mwendo pale. Mgeni ataona nchi tupu na kuchoka. Mwarlpiri anajua kwamba kila kituo cha kamera ni mahali alipopita mtu, au aliposimama mhenga. Na nyuma ya kamera, nje ya fremu, walisimama jamaa zaidi ya ishirini. Kwao hadithi ya mahali ina wenyewe, kirda, walioirithi kuumeni, na ina wasimamizi, kurdungurlu, wa kuukeni, ambao wajibu wao ni kuhakikisha inasemwa ipasavyo. Bila wasimamizi hao kuwapo, kanda isingekuwa na thamani hata kama kila neno lake lingekuwa kweli. Sijui jopo la wahariri lililo kali kuliko hilo.

Sheria hiyo inaenea hadi kwa wafu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tukimtaja aliyetutoka hutanguliza neno marehemu, na jina lake likabaki midomoni. Wawarlpiri huliondoa jina lenyewe, na mwenye jina kama hilo huitwa Kumanjayi mpaka muda wa msiba upite. Sura nayo hufuata jina. Ndiyo maana televisheni za Australia leo hutoa tahadhari kwamba kipindi kina picha na sauti za waliofariki, tahadhari ambayo wageni wengi huidhania kuwa adabu tu.

Mtu asidhani lakini kwamba Yuendumu ilitoa maombolezo matupu. Mwaka 2001 shirika la ABC lilionyesha Bush Mechanics, mfululizo uliotengenezwa na Wawarlpiri pamoja na David Batty. Vijana wanasafiri kwa magari mabovu, wakizungumza Kiwarlpiri, na tairi likipasuka wanalishindilia nyasi za jangwani na kuendelea. Ni gari na mchanga, kama kwa Heyer, ila safari hii wanaocheka ndio wenye nchi. Jupurrurla yumo, akitokea na kutoweka kama fundi mwenye miujiza. Mwaka 2012 yeye na Batty walirudi kwenye habari za mwaka 1928 kwa filamu ndefu iitwayo Coniston, wakiwaweka mbele ya kamera watoto na wajukuu wa walionusurika.

Na huko Yuendumu, kanda zenye sura za waliofariki huwekwa kando, zikingoja jamaa waseme kwamba sasa zinaweza kutazamwa.